Pima Kwanza: Somo la Mlango wa Gari Kuukuu

Mwalimu mmoja wa fizikia, aliyekwisha kufundisha kanuni ya Ohm kwa miaka kumi na minne, alinunua mota mbili za kioo cha gari lake kwa fedha zake mwenyewe, na mota zote mbili hazikuwa na kazi ya kufanya. Mwalimu huyo ni mimi. Nasimulia habari hii kwa sababu naamini kwamba kosa langu ni kosa la madarasa yetu mengi.

Gari lenyewe lilikuwa saluni kuukuu, lililotumika ng'ambo miaka mingi kabla ya kufika kwangu. Siku moja ya masika kioo cha mlango wa dereva kiliteremka, kisha kikakataa kupanda. Nikaziba dirisha kwa nailoni, nikaenda gereji. Fundi akaketi, akafunga mlango, akabonyeza swichi mara mbili, akasema, "Mwalimu, mota imekufa." Nikanunua mota iliyotumika. Ikafungwa, ikajaribiwa pale pale, kioo kikapanda; nikalipa na kushukuru. Nilipofika nyumbani kikakataa hata kuteremka. Tukaamua kwamba mota ile nayo ilikuwa mbovu, nikanunua ya pili. Mambo yakawa yale yale.

Wiki mbili baadaye nilipeleka gari kwa mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari. Hakushika bisibisi. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, kioo hiki hukataa mlango ukiwa wazi au ukiwa umefungwa?" Sikuwa na jibu. Akaufungua mlango, akabonyeza swichi, kioo kikateremka. Akaufunga, kikakaa kimya. Kisha akalivuta lile koromeo la mpira lililoko baina ya mlango na nguzo yenye bawaba, akanionyesha waya mmoja uliokatika ndani ya gamba lake. Ncha zake ziligusana mlango ukiwa wazi, zikaachana mlango ulipofungwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila mota ilifanya kazi gereji: tulikuwa tukiijaribu mlango ukiwa wazi.

Hoja yangu katika makala haya ni hii. Kubadilisha kifaa kabla ya kupima ni kubahatisha, hata kama kunafanywa na mtu mwenye ujuzi. Kutafuta hitilafu kwa mpango ni sayansi kamili: kuna kutazama, kudhani, kutabiri, kupima na kuamua. Shule zetu zinafundisha kanuni za umeme vizuri ubaoni, lakini zinamwacha kijana bila mazoea ya kuzitumia pale ambapo kitu kimeharibika na hakuna aliyemwambia thamani ya kila kipimo. Nami nasema kwamba mlango mmoja wa gari kuukuu, pamoja na vioo vyake vya umeme na makufuli yake ya pamoja, waweza kuziba pengo hilo kwa gharama ndogo.

JINSI KIOO KINAVYOPANDA

Tuanze na vioo vya umeme, ambavyo mitaani huitwa "pawa windo". Katika magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990, umeme hutoka katika betri ya volti 12, hupita katika fyuzi, hupita katika rilei inayofungwa ufunguo wa gari unapowashwa, huingia katika swichi kuu iliyoko mlangoni kwa dereva, na kutoka hapo hugawanywa kwenda milango mingine. Safari ya kurudi haihitaji waya mrefu, kwa kuwa bodi ya gari, ambayo ni chuma, ndiyo njia ya kurudia kwenye ncha hasi ya betri.

Mota ya kioo kwa kawaida ina nyaya mbili tu. Mwanafunzi atauliza: nyaya mbili zawezaje kupandisha na pia kuteremsha? Jibu ni kwamba mota yenye sumaku ya kudumu hugeuza upande wa kuzunguka pale ncha zake zinapobadilishana chanya na hasi. Swichi ikiwa imetulia, ncha zote mbili za mota huwa zimeunganishwa na upande wa hasi. Ukibonyeza kupandisha, ncha moja huondolewa kwenye hasi na kuunganishwa na chanya. Ukibonyeza kuteremsha, ncha ya pili ndiyo hufanyiwa hivyo. Kwa hiyo kila mwendo wa kioo wahitaji miguso miwili iliyo mizuri: mguso wa upande uliobonyezwa, na mguso wa upande uliotulia.

Mpangilio huu una matokeo ambayo huwashangaza wengi. Katika magari mengi swichi ya abiria hupata njia yake ya hasi kwa kupitia swichi kuu ya dereva. Basi kioo cha abiria wa nyuma kinaweza kukataa kuitii swichi yake chenyewe kwa sababu ya vumbi lililoingia katika swichi ya mlango wa dereva. Dalili iko mlango mmoja, na ugonjwa uko mlango mwingine. Asiyeujua mpangilio huu atafungua mlango wa nyuma, atanunua mota na swichi, na kioo hakitapanda.

MASWALI YANAYOTANGULIA BISIBISI

Yule mzee alinifundisha kwamba maswali mazuri ni ya bure, na huokoa zaidi kuliko vifaa. Haya ni matano ambayo kila mwanafunzi anaweza kuyajibu bila kufungua kitu.

Kwanza, ni kioo kimoja kilichokataa, au vyote? Vyote vikikataa kwa pamoja, si jambo la kuaminika kwamba mota nne zimekufa siku moja. Tafuta mahali ambapo njia zao zinakutana: fyuzi, rilei, swichi kuu, au waya wa hasi ulioungwa kwenye bodi. Vikikataa vya abiria tu, tazama kwanza kile kibonyezo kilichowekwa kwa dereva ili kuwazuia watoto kuchezea vioo. Mara nyingi huwa kimebonyezwa kwa bahati mbaya.

Pili, unaposhika swichi wasikia nini? Mota ikivuma na kioo kisisogee, umeme umefika. Hitilafu iko katika mashine ya kioo, yaani ile mikono ya chuma au kamba ya waya inayobeba kioo. Pakiwa kimya kabisa, swali bado liko upande wa umeme.

Tatu, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa, je, taa ya ndani ya gari hufifia kidogo unapobonyeza? Taa ikififia, mkondo mkubwa unapita, na yamkini mota imekwama. Taa isipobadilika hata kidogo, mkondo haupiti, na mzunguko umekatika mahali fulani. Tazama jinsi taa ndogo ya ndani inavyofanya kazi ya kipimo cha ampea!

Nne, kioo kinashindwa kupanda tu, au na kuteremka pia? Kinapoteremka, uzito wake unaisaidia mota, kinapopanda, unaipinga. Kioo kinachoteremka vizuri na kupanda kwa kusuasua kinaweza kuwa kinabanwa na mpira wa dirisha uliokauka au kujaa vumbi, jambo la kawaida katika mikoa yenye ukame. Kufuta mpira huo na kuupaka mafuta ya silikoni ni kazi ya dakika chache.

Tano ni lile swali la mzee: mlango ukiwa wazi mambo yakoje, na ukifungwa yakoje? Nyaya zinazopita penye bawaba hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Gari ambalo mlango wa dereva umefunguliwa mara kumi kwa siku kwa miaka ishirini limezikunja nyaya hizo zaidi ya mara 70,000. Shaba ikikunjwa mara nyingi namna hiyo huchoka, na nyuzi zake hukatika mmoja baada ya mwingine ilhali gamba la nje bado ni zima.

Majibu ya maswali haya yakishaandikwa, ndipo kupima kunaanza. Hapa pia hesabu inasaidia. Tuseme njia kutoka betri hadi mota ina vipande vinane, na kimoja kimekatika. Anayepima kipande baada ya kipande aweza kupima mara saba kabla ya kujua. Anayeanza katikati ya njia hujua mara moja hitilafu iko nusu ipi, akabakiwa na vipande vinne, kisha viwili, kisha kimoja. Amepima mara tatu tu, kwa kuwa 2 × 2 × 2 ni 8.

MITA INAYOSEMA KWELI ISIYOTOSHA

Hapa nawaomba walimu wenzangu tusimame kidogo, maana ndipo mahali ambapo elimu ya vitabuni huteleza.

Mwanafunzi aliyepewa mita huchomoa plagi ya mota, huweka ncha za mita kwenye plagi hiyo, hubonyeza swichi na kusoma volti 12. Husema: umeme umefika, basi mota ndiyo mbovu. Uamuzi huo waonekana sawa, nao waweza kuwa kosa kubwa.

Tuchukue mfano. Mota inapopandisha kioo inatumia ampea 8 kwa volti 12. Kwa makisio, tuihesabu kama ukinzani wa omu 1.5, ingawa mota inayozunguka si ukinzani mtupu. Sasa tuseme kiungo kimoja cha waya kimeshika kutu, jambo la kawaida pwani ambako hewa ina chumvi, na kutu hiyo imeongeza ukinzani wa nusu omu. Jumla ya ukinzani ni omu 2. Mkondo unashuka kutoka ampea 8 hadi ampea 6. Kutu inakula volti 3, na mota inabakiwa na volti 9. Nguvu iliyokuwa wati 96 sasa ni wati 54. Mota imepungukiwa karibu nusu ya nguvu zake, nazo wati 18 zinapotea katika kiungo kile kuwa joto, ambalo linazidi kukiharibu.

Je, kwa nini mita ilisoma volti 12? Kwa sababu mita nyingi za tarakimu zina ukinzani wa ndani wa takriban omu milioni 10. Mkondo unaopita katika mita ni mdogo mno, hivi kwamba ile nusu omu hupoteza chini ya sehemu moja ya milioni ya volti. Mita haikudanganya. Ilijibu swali iliyoulizwa, yaani volti ni ngapi wakati hakuna kazi inayofanyika. Swali lililotakiwa ni volti ngapi wakati mota inafanya kazi.

Kwa hiyo pima mzigo ukiwepo. Acha mota iwe imeunganishwa, mwenzako abonyeze swichi, nawe weka ncha moja ya mita kabla ya kiungo unachokishuku na ncha ya pili baada yake. Kiungo kizima kitaonyesha volti karibu na sifuri. Kiungo chenye kutu katika mfano wetu kitaonyesha volti 3. Fanya hivyo pia katika njia ya kurudi, kati ya waya wa hasi na ncha hasi ya betri, kwa sababu watu wengi huisahau, ilhali mkondo unaokwenda lazima urudi.

Ambaye hana mita asikate tamaa. Balbu ya taa ya breki ya wati 21, iliyoungwa nyaya mbili, ni chombo kizuri sana. Balbu hiyo hutumia karibu ampea 1.75, kwa hiyo ni mzigo wa kweli. Waya ulioharibika hata ukawa na ukinzani wa omu 20 utaifanya mita isome volti 12 bila wasiwasi, lakini balbu haitawaka ipasavyo. Balbu ya bei ndogo yaweza kufichua jambo ambalo chombo cha bei kubwa kimeshindwa kulionyesha, kwa kuwa aliyeishika balbu ameuliza swali linalofaa. Tahadhari moja: balbu hii ni kwa njia za mota za magari kuukuu tu. Isiunganishwe katika nyaya za mifuko ya hewa ya usalama wala za kompyuta za magari ya siku hizi.

Kabla ya kuihukumu mota, kumbuka pia kwamba mota nyingi za vioo zina kinga ndani yake inayokata umeme mota ikipata joto kupita kiasi. Aliyeibonyeza swichi mara ishirini kwa hasira huenda akaikuta mota kimya kabisa, kisha baada ya dakika chache ikafufuka. Subira nayo ni kipimo.

KUFULI LA PAMOJA, NA INJINI ILIYOKATAA KUZIMIKA

Kufuli la pamoja, ambalo mafundi huliita "sentaloki", hufuata mantiki ile ile. Ndani ya kitasa cha dereva mna swichi ndogo. Dereva anapofunga, swichi hiyo hukiarifu kifaa cha kutoa amri, nacho hupeleka umeme kwa muda usiozidi sekunde moja hivi kwenye mota ndogo au solenoidi iliyoko katika kila mlango. Simama nje ya gari usikilize. Milango mitatu ikigonga na mmoja ukakaa kimya, hitilafu iko katika mlango huo au nyaya zake. Yote ikikaa kimya, shuku fyuzi, swichi ya kitasa cha dereva, kifaa cha amri, au tena zile nyaya za penye bawaba. Ikijifunga na kujifungua papo hapo, mara nyingi kitasa cha dereva hakikumaliza mwendo wake, na swichi yake ikatoa habari mbili zinazopingana. Ikitii ufunguo na kukataa rimoti, tazama kwanza kijibetri kilichomo katika rimoti.

Lakini si kila kufuli la pamoja lilikuwa la umeme. Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa Mercedes-Benz za jamii iliyojulikana kiwandani kama W123, zilizouzwa kuanzia mwaka 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980. Gari la jamii hiyo lililoagizwa na kufuli la pamoja halikufungwa kwa mota. Lilifungwa kwa ombwe, yaani kwa kuondoa hewa ndani ya mipira midogo na kuiacha hewa ya nje ifanye kazi ya kusukuma. Vali iliyoko katika mlango wa dereva iligawa ombwe hilo kwa mabomba membamba hadi katika milango mingine, buti na kifuniko cha tangi la mafuta.

Nguvu ya hewa si ya kudharauliwa. Usawa wa bahari hewa hutukandamiza kwa takriban kilopaskali 100. Tuchukue kiwambo cha mpira chenye eneo la sentimita za mraba 20, na upande mmoja wake tuondoe nusu ya hewa. Tofauti ya kilopaskali 50 katika eneo hilo huzaa kani ya nyutoni 100, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 10. Inatosha kabisa kusukuma kitasa.

Sasa sikiliza ajabu yake. Katika magari ya dizeli ya jamii hiyo, ombwe lile lile, lililotengenezwa na pampu inayozungushwa na injini, ndilo lililotumika kuzima injini. Dereva alipougeuza ufunguo kuzima, ombwe lilielekezwa kwenye kifaa kilichokata mafuta katika pampu ya kupulizia dizeli. Basi mpira mmoja ukipasuka ndani ya mlango wa abiria na hewa ikavuja kwa wingi, yawezekana dereva achomoe ufunguo, ashuke, na injini iendelee kunguruma! Aliyezoea kubahatisha atafungua pampu ya dizeli, ambayo ni ghali. Aliyezoea kupima atabana mabomba yale mojamoja, na lile ambalo likibanwa injini huzimika ndilo lenye mlango wenye tundu. Hii ni kanuni ile ile ya kutenga sehemu na kutazama badiliko. Umeme umeondoka, hewa imeingia, lakini njia ya kufikiri haikubadilika.

KINACHOWEZA KUPOTEA

Huenda msomaji akasema kwamba kioo cha gari ni jambo dogo. Kioo chenyewe ni kidogo, lakini yaliyofungamana nacho si madogo.

Kwanza kuna usalama wa watu. Mota inayoweza kupandisha kioo inaweza pia kubana kidole au shingo ya mtoto, na vioo vingi vya magari kuukuu havina kifaa cha kurudi nyuma vikigusa kitu. Marekani iliweka kanuni ya usalama wa vioo vya umeme tangu mwaka 1969, na mwaka 2004 ikatoa kanuni nyingine ya kutaka swichi ziundwe ili mtoto asiweze kupandisha kioo kwa kuikanyaga au kuiegemea tu. Kanuni hiyo haiyabadilishi magari yaliyokwisha kuundwa. Anayetengeneza mlango na atenganishe betri kabla ya kuingiza mkono ndani, na akishikize kioo kwa kabari. Kadhalika, kila anayetengeneza kufuli la pamoja ahakikishe mwisho wa kazi kwamba kila mlango waweza kufunguliwa kwa mkono kutoka ndani hata betri ikiwa imetolewa, isipokuwa pale kizuizi cha watoto kimewekwa kwa makusudi.

Pili kuna moto. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, wako wanaoweka kubwa zaidi, au hata kipande cha waya. Wamesahau kwamba fyuzi haikuwekwa kuilinda mota, bali kuulinda waya. Fyuzi ya ampea 20 ikiondolewa na pakawekwa waya mtupu, siku gamba la waya wa mlangoni litakapochubuka na kugusa bodi, waya wenyewe ndio utakaogeuka kuwa fyuzi, nao utawaka ndani ya gari.

Tatu kuna fedha na heshima. Mota mbili nilizozinunua bure zilikuwa ada ya mtoto wangu ya muhula huo, nami nilikopa kuifidia. Na fundi wa kwanza hakuwa mwizi. Alifanya alivyofundishwa na waliomtangulia, na hakuna shule iliyompa njia nyingine. Mimi niliyepewa njia hiyo sikuitumia. Kati yetu wawili, mwenye kulaumiwa zaidi ni mimi.

MLANGO UINGIE DARASANI

Napendekeza basi kwamba kila shule ya sekondari inayoweza ijipatie mlango mmoja mzima wa gari lililokwisha kuvunjwa, wenye kioo, mota, swichi na kitasa chake, pamoja na betri ya volti 12, fyuzi, balbu ya wati 21 na mita moja. Milango ya namna hiyo hupatikana kwa wauzaji wa spea zilizotumika katika miji yetu mingi. Ufungwe kwenye fremu ya mbao, nyaya zake zikiwa wazi. Mwalimu atie hitilafu moja bila kuwaambia wanafunzi: alegeze waya wa hasi, aweke fyuzi iliyokatika, au aunganishe ukinzani wa nusu omu wenye uwezo wa kustahimili wati zinazohitajika katikati ya njia. Kila kikundi kiandike daftarini dalili walizoziona, wanachodhani, kipimo watakachochukua, wanachotazamia kusoma, na walichosoma. Maksi zitolewe kwa daftari, si kwa kioo kupanda. Aliyebahatisha na kupata asimshinde aliyepima na kukosea kwa sababu anazoweza kuzieleza.

Wako watakaosema kwamba mtihani hauulizi habari za milango ya magari. Ni kweli. Lakini mtihani huuliza kanuni ya Ohm, saketi za mfululizo na sambamba, nguvu ya umeme, mota na shinikizo la hewa. Nayo yote yamo ndani ya mlango huo. Wengine watasema kwamba magari ya siku hizi yana kompyuta, na mafunzo ya gari kuukuu yamepitwa na wakati. Mimi naona kinyume chake. Katika gari kuukuu kila waya una kazi moja inayoonekana, kwa hiyo ndilo linalofaa kwa anayeanza. Hata kompyuta ya gari jipya hutoa namba ya hitilafu tu, na namba hiyo ni dalili. Bado hapana budi mtu apime ili ajue kama kilichokufa ni kifaa au ni waya unaokihudumia.

Wengine tena watahofia kwamba shule itageuka gereji. Sera ya Elimu ya Kujitegemea iliyotolewa Tanzania mwaka 1967 ilitaka shule isijitenge na kazi za jamii inayoizunguka. Kwa nini basi tusimwalike fundi mzoefu darasani, aulize maswali yake mbele ya wanafunzi? Yule mzee wangu hakupata kusoma kitabu cha fizikia, lakini alikuwa amepanga fikra zake kisayansi kunishinda mimi.

Yafaa nimalizie na Ohm mwenyewe. Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani, na baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Mwana huyo akawa mwalimu wa sekondari katika mji wa Köln, na huko, kwa vyombo vya maabara ya shule, alifanya majaribio yaliyozaa kanuni aliyoitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1827. Mwanzoni wataalamu wengi wa nchini kwake hawakuithamini. Heshima ilimjia baadaye, na mwaka 1841 Royal Society ya London ikamtunukia Nishani ya Copley. Kanuni tunayoikariri ilipatikana kwa mikono ya mwalimu wa shule aliyekulia katika karakana, aliyekuwa na subira ya kupima tena na tena.

Mota yangu ya kwanza, ile iliyotangazwa kuwa imekufa, ningali ninayo. Juma lililofuata niliipeleka darasani, nikaiunganisha na betri mbele ya Kidato cha Tatu. Ilizunguka.